Jibu la mtaalamu: Mwaka mzima wa muziki, michezo na sanaa humwachia mtoto nini?

SWALI: Binti yangu amemaliza Gredi ya 5 katika shule ya msingi hapa Lamu, na Januari hii ya 2026 anaingia Gredi ya 6. Ripoti yake inasema anafikia matarajio katika Sanaa Bunifu, yaani muziki, michezo na kazi za mikono, lakini daftari la somo hilo lina kurasa nne tu zilizoandikwa, na mwenyewe ananiambia kuwa vipindi vingi vilichukuliwa na hesabu. Mwaka wa somo hili unapaswa kuwa na nini ndani yake? Kuna hasara gani ikiwa vipindi vilikwenda kwa hesabu? Tena babu yake hapendi ala za muziki, na mwalimu anataka ninunue rekoda, ile filimbi ya plastiki ya kujifunzia muziki. Nifanye nini? (Mama wa mwanafunzi, Langoni, Lamu)

JIBU:

Dada yangu, nimefurahi kwamba umeuliza mwezi wa Januari wala hukungoja Oktoba, kwa sababu somo hili likishapotea kwa miezi mitatu halirudishwi kwa kukesha na kitabu kama linavyorudishwa somo la historia.

Nianze na lile daftari, kwa kuwa naona ndilo lililokutia shaka. Kurasa nne peke yake hazinishtui. Nimefundisha somo hili kwa miaka mingi na baadaye nikawa nikiwasaidia walimu wenzangu kulifundisha, na nimejifunza kuliogopa daftari lililojaa kuliko lililo tupu. Shule moja niliyowahi kuitembelea, ambayo madirisha yake yanatazama bahari, ilikuwa na watoto wa Gredi ya 6 walionakili kurasa tatu za hatua za kuogelea kutoka ubaoni, kwa mwandiko safi, na walipoulizwa ni wangapi waliowahi kuingia majini na mwalimu wao, hakuna mkono ulioinuka. Daftari lilikuwa zuri na somo halikuwapo. Kwa hiyo usimpime mwalimu kwa kurasa. Mpime kwa swali moja ambalo ninalirudia kwa kila mzazi anayenijia: ni jambo gani mtoto wako anaweza kulifanya leo, kwa sauti yake, kwa mikono yake au kwa mwili wake, ambalo mwaka jana mwezi kama huu hakuliweza? Mwite binti yako ukumbini, umwambie akuimbie, akuonyeshe, akusukie. Akikuonyesha mambo matatu au manne yaliyokamilika, ripoti ni ya kweli hata kama daftari ni tupu. Akibaki kukutazama tu, basi ile "anafikia matarajio" iliandikwa na mtu aliyetaka kumaliza kazi yake.

Sasa tuhesabu, kwa kuwa ndugu zetu wa hesabu ndio wanaoshtakiwa. Tangu masomo yalipopunguzwa mwaka wa 2024, muziki, sanaa na mazoezi ya mwili, ambayo awali yalikuwa masomo mbalimbali katika Gredi ya 4 hadi ya 6, yaliunganishwa kuwa somo moja, nalo likapewa vipindi 6 kwa wiki. Hesabu ina 5. Watu wengi hushangaa nikiwaambia hivyo, kwa sababu walidhani somo hili ni la kujazia ratiba, kumbe ndilo lenye vipindi vingi kuliko yote katika madarasa hayo. Kipindi kimoja ni dakika 35. Mwaka wa shule wa 2025 ulikuwa na wiki 13 katika muhula wa kwanza, 14 katika wa pili na 9 katika wa tatu, jumla 36. Ukizidisha utapata vipindi 216, sawa na saa 126, kabla ya kuondoa mapumziko mafupi na siku za mitihani. Ikiwa hesabu ilichukua vipindi viwili tu kila wiki, binti yako alipoteza saa 42. Hizo ni saa ambazo angeweza kutoka katika hali ya kutojua chochote kuhusu kupiga rekoda hadi kupiga nyimbo kadhaa bila kuangalia vidole, na bado zikabaki.

Saa hizo zigawanywe vipi? Nikiulizwa mimi, nagawa viwili kwa muziki, viwili kwa michezo na viwili kwa kazi za mikono, na vile vya kazi za mikono navifuatanisha viwe kipindi kirefu kimoja, kwa maana dakika 35 hazitoshi kutoa rangi, kufanya kazi, kuosha brashi na kupanga madawati. Mwalimu akikuambia kwamba amepanga kwa namna nyingine, hilo ni lake, ilimradi hakuna mkono mmoja kati ya mitatu uliokatwa kabisa. Ninachokiona mara nyingi ni kwamba michezo hubaki kwa jina, kwa sababu watoto hutolewa nje wakapewa mpira, wavulana wakacheza na wasichana wakakaa chini ya mwarobaini, na muziki huwa ni kukariri majina ya ala. Uchoraji ndio unaosalia, kwa kuwa hauna kelele.

Kuhusu muziki, mwaka wa Gredi ya 5 au ya 6 uliofundishwa vizuri huanza na sauti, na sauti haihitaji fedha. Mtoto hujifunza kuimba ngazi ya do, re, mi hadi do ya juu bila kuteleza, kisha hujifunza kupiga makofi mipigo ya "taa" (mmoja mrefu) na "ta-te" (miwili mifupi) akaisoma na kuiandika mwenyewe. Hapa Lamu tuna hazina ambayo shule za bara hazina, nayo ni utenzi. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani nane, yaani silabi nane. Vipande vitatu vya kwanza hufuata kina kimoja na cha nne hubeba kina kinachorudi katika utenzi wote. Mtoto anayepiga makofi mizani nane, kipande baada ya kipande, huku mwenzake akighani, amejifunza mpigo, pumzi na mahali pa kutua, na amejifunza kwa lugha ambayo bibi yake anaijua. Nimewahi kuona darasa la watoto hamsini na kitu, lisilo na ala hata moja, likifanya zoezi hili kwa wiki tano, na lilipofika wiki ya sita mwalimu alipoandika mipigo ubaoni walisoma kama wanaosoma gazeti, kwa sababu masikio yao yalikuwa yamekwisha kujua kile ambacho macho yalikuwa yanaanza kukiona.

Rekoda huja baada ya hapo. Ningependa uijue kazi yake kwa karibu, ili ukiisikia nyumbani usidhani mtoto anacheza tu. Mkono wa kushoto hukaa juu. Dole gumba la kushoto hufunika tundu la nyuma, kidole cha shahada hufunika tundu la kwanza la mbele, na hiyo ndiyo sauti B. Ongeza kidole cha kati upate A. Ongeza cha pete upate G. Sauti hizo tatu zikiimbwa kwa do ya G ni mi, re, do, na zinatosha kupiga nyimbo kadhaa fupi. Makosa ni mawili na hurudi kwa kila mtoto. La kwanza, kidole hakifuniki tundu barabara, pembeni panabaki upenyo mwembamba kama uzi, na rekoda inapiga yowe. Dawa yake ni kutumia ile nyama laini ya kidole badala ya ncha, na mtoto akitazama kidole chake baada ya kukiinua ataona alama ya duara kamili kama amefunika vizuri, au ya mwezi mwandamo kama hakufunika. La pili, anapuliza kama anayewasha jiko la makaa. Mwambie apulize kama anayepooza chai, na kila sauti aianze kwa ulimi, kama anayetamka "tu" kimoyomoyo. Dakika 10 kila siku baada ya kutoka madrasa zina faida kuliko saa nzima Jumamosi, kwa maana vidole hujifunza kwa kurudiwa mara nyingi na kupumzishwa. Ndiyo sababu nasema vipindi vya muziki vilivyochukuliwa mfululizo mwezi mzima haviwezi kulipwa kwa siku moja ya muziki mwishoni mwa muhula. Mwalimu akirudi baada ya wiki nne anaanza upya na B.

Katika muhula wa pili shule nyingi huingia katika tamasha la muziki la shule na vyuo, ambalo limekuwapo nchini tangu 1927 na hupanda kutoka ngazi za chini hadi taifa, kwa kawaida mwezi wa Agosti. Ni jambo jema, lakini uliza watoto wangapi wanashiriki. Nimeona wimbo mmoja ukifanyiwa mazoezi na watoto thelathini kwa wiki kumi, wale wengine mia mbili wakibaki darasani bila mwalimu. Kikombe hupatikana, picha hupigwa, na binti wa mtu mwingine hamalizi mwaka akijua do iko wapi.

Kazi za mikono ndizo ninazozionea uchungu zaidi, kwa sababu hakuna mji wa pwani wenye walimu wengi wa sanaa kama huu wa kwetu, nao wako nje ya lango la shule. Mji mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001, na sehemu kubwa ya heshima hiyo imetokana na mikono: milango ya nakshi, zidaka za chokaa katika kuta za nyumba za zamani, majahazi na mashua zinazoundwa Matondoni, kofia zinazoshonwa kwa mkono miezi na miezi. Katika makumbusho ya Lamu, pale ufukoni, kuna siwa mbili, zile baragumu kubwa za zamani, moja ya shaba ya hapa Lamu na moja ya pembe za ndovu ya Pate yenye urefu wa zaidi ya mita 2, na zote hupulizwa ubavuni, wala si kwa ncha. Darasa linaloweza kutembea kwa miguu dakika kumi, likaichora siwa kwa penseli, likajadili kwa nini ni ala ya kupuliza na kwa nini mpulizaji huishika kwa ubavu, limefanya muziki na uchoraji kwa pamoja katika asubuhi moja, na gharama yake ni karatasi. Kwa nini basi watoto wetu wanapewa picha ya gitaa kitabuni waipake rangi?

Chukua mfano wa ukili, ule ukanda wa kusuka ambao hushonwa ukawa mkeka, kwa kuwa ufumaji na ususi umo katika kazi za madarasa haya. Miyaa, yaani majani ya kusukia, huchanwa kwa upana uliolingana, na hapo pana somo zima la jicho, kwa sababu mwaa mmoja ulio mpana huharibu ukili wote. Hulowekwa kidogo ili usikatike. Mtoto huanza kusuka mshazari, akikunja ukingo kila anapoufikia, na tatizo la mwanzo ni lile lile kila mwaka: mwaa unapofikia mwisho hachomeki mwingine mapema, ukili unaanza kuwa mwembamba, na ukiuweka mezani unaona umepinda kama njia ya ng'ombe. Mwalimu asimfungulie. Amwache apime kwa rula kila shibiri moja, aone mwenyewe ni wapi upana ulianza kupungua, kisha afumue hadi hapo. Binti aliyefumua na kusuka tena mara tatu hadi upana ukabaki ule ule amefikia matarajio, na ukimpa ukili huo utaujua kwa kuupitisha kati ya vidole viwili. Kazi kama hiyo huwekwa katika jalada lake pamoja na ule ukili wa kwanza uliopinda, ili maendeleo yaonekane. Omba kuliona jalada hilo. Usiombe daftari.

Nikigeukia michezo, nitasema kwanza jambo ambalo si la shule peke yake. Shirika la Afya Duniani hupendekeza watoto wa umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo wa nguvu kiasi au zaidi, na vipindi viwili vya dakika 35 kwa wiki haviwezi kufikisha hapo hata vikifanywa vyote. Kazi ya kipindi, kwa hiyo, ni kufundisha namna ya kukimbia, kuruka, kudaka, kurusha, kujikunja na kuanguka bila kuumia, ili mtoto aweze kucheza kwa miaka mingi baada ya hapo. Kwa wasichana wetu jambo la mavazi lisifanywe kisingizio. Suruali pana ya michezo, fulana ya mikono mirefu na mtandio uliobanwa vizuri vinatosha, na mwalimu akiweka vipindi vya wasichana mahali pa faragha kidogo, wale waliokuwa wakikaa mwarobainini huinuka wote.

Kisha kuna bahari, na hapa ndipo mwalimu wa Lamu anapohitaji akili ambayo mtaala hauwezi kumpa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji katika pwani yetu hupwa sana karibu na saa nne au saa tano za asubuhi, na mchanga unaobaki wazi ni uwanja mkubwa ulio mgumu na bapa, unaofaa kwa mbio na kuruka. Wiki moja baadaye, katika maji mafu, mambo hugeuka: saa hizo hizo za asubuhi maji yamejaa, lakini tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na mikondo imepungua nguvu, na huo ndio wakati wa kufundisha kuogelea mahali penye kina kifupi. Mwalimu anayepanga wiki moja mbio za mchangani na wiki inayofuata kuogelea anafuata kalenda ambayo mabaharia wetu wameifuata siku zote. Kuogelea kusifanywe kamwe bila mtu mzima anayejua kuogelea akiwa majini pamoja na watoto, na mwingine nchi kavu akiwahesabu, wala kusifanywe karibu na mkondo wa bandari. Shule isiyoweza kutimiza hayo iache, ifundishe mengine. Lakini inaniuma kusikia mtoto wa kisiwa, anayevuka kwa mashua, amemaliza darasa la 6 bila kujua hata kuelea chali.

Mpangilio wa mwaka nao unataka kufikiriwa. Mwaka jana Ramadhani ilikuwa mwezi wa Machi karibu wote. Mwaka huu inatarajiwa kuanza wiki ya tatu ya Februari, na kwa kuwa hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, itaendelea kuangukia muhula wa kwanza kwa miaka michache ijayo. Huo pia ni msimu wa kaskazi, wakati wa joto kali. Mwalimu mwenye busara hufanya mbio na mazoezi mazito wiki za Januari, asubuhi mapema. Mwezi wa mfungo huweka uchoraji, ususi na kusikiliza, kwa sababu mtoto mwenye koo kavu hapaswi kulazimishwa kuimba kwa nguvu wala kukimbia juani. Kisha baada ya Idi michezo hurudi. Mwezi wa Mei ni wa mvua, nao unafaa muziki wa ndani. Juni na Julai kusi imekaza na hewa imepoa, na hapo mpira wa wavu, wa miguu na wa pete hupata nafasi yake. Muhula wa tatu ni mfupi na umejaa tathmini, kwa hiyo kazi kubwa ya mikono isianzwe wakati huo. Vipindi vikihamishwa kwa sababu kama hizi, usilalamike, kwa maana vimebadilishana nafasi tu. Mwulize mwalimu wa michezo, "Vile vya Machi vililipwa lini?" Akiwa na jibu, mshukuru.

Sasa nijibu lile la hasara kwa uwazi. Katika Gredi ya 6 watoto hufanya tathmini ya kitaifa ya kumaliza shule ya msingi. Ilipofanywa mara ya kwanza mwaka wa 2022 ilikuwa na karatasi 5, na mojawapo iliunganisha sanaa na masomo ya jamii. Alama za tathmini hiyo huchangia asilimia 20 katika kumpangia mtoto shule ya sekondari ya juu, kazi za Gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20 nyingine, na tathmini ya Gredi ya 9 huchangia 60. Kisha katika Gredi ya 10 kuna njia tatu, na mojawapo ni sanaa na sayansi ya michezo. Wanafunzi wa kwanza wanaingia humo mwezi huu huu. Zamu ya binti yako ni 2030. Mtoto aliyenyimwa vipindi hivi hafungiwi mlango kwa sheria, lakini atafika mbele ya mlango bila kujua kama ungemfaa, na hilo naliona kuwa dhuluma, kwa sababu wenzake wa shule zenye vyumba vya muziki watakuwa wamejaribu kila kitu.

Lakini sitaki ulitetee somo hili kwa alama tu, wala kwa ile hoja ya kwamba muziki humfanya mtoto ajue hesabu. Watu huitoa kwa nia njema, nami nimeiacha. Ukimwambia mwalimu wa hesabu kwamba mipigo ni sehemu za namba, atakujibu kwamba yeye anafundisha sehemu za namba moja kwa moja, na atakuwa na haki. Mwambie badala yake kwamba hesabu ilipewa vipindi 5 na waliopanga mtaala waliona vinatosha. Kama watoto wako nyuma, tatizo litafutwe ndani ya vipindi hivyo vitano, au wapewe muda wa ziada usio wa somo jingine. Mwende wazazi wawili au watatu, kwa adabu, kwa mwalimu mkuu, na mwombe kuonyeshwa ratiba pamoja na mpango wa kazi wa muhula wa kwanza wa somo hili. Msianze kwa lawama. Mara nyingi mwalimu wa darasa hana mafunzo ya muziki, anaona haya kuimba mbele ya watoto, na mwenzake wa hesabu anapomwomba kipindi humpa kwa moyo mweupe kabisa. Mwalimu wa namna hiyo anahitaji msaada: mzazi anayesuka mikeka aje Alhamisi mbili, fundi wa nakshi awakaribishe watoto karakanani, kijana aliyecheza katika timu ya mji aje kufundisha kudaka.

Kuhusu babu, nakuomba umpe heshima kamili ya hoja yake. Wanavyuoni wametofautiana kuhusu ala, na mimi si mtu wa kutoa fatwa. Ninachoweza kukuambia ni cha kielimu. Mambo mengi ya muziki katika somo hili, yaani kuimba kwa sauti sahihi, kupiga mizani kwa makofi, kusikiliza na kusoma mipigo, hayahitaji ala hata moja. Babu mwenyewe huenda anajua kughani kuliko mwalimu, na kama yuko tayari kumsikiliza mjukuu wake akighani beti kumi na kumrekebisha pumzi, hilo ni somo la muziki la kweli. Ikiwa shaka yake iko kwenye ala za kupuliza na za nyuzi lakini si kwenye tari, ambalo hupigwa katika Maulidi ya Msikiti wa Riyadha tangu enzi za Habib Swaleh, mwanzilishi wake, mwombe mwalimu amruhusu binti yako afanye kazi ya mpigo kwa tari wakati wenzake wako kwenye rekoda. Ikiwa haridhiki na ala yoyote, mwalimu akubali sauti na makofi, na aandike hivyo katika kazi zake badala ya kumpa alama ya uongo. Usimfiche babu rekoda chini ya mto. Mtoto anayejifunza kwa kujificha hapulizi kwa pumzi iliyotulia, na rekoda, kama nilivyosema, hupiga yowe kwa jambo dogo kuliko hilo.

Kwa hivyo usinunue bado. Mkizungumza na mkaelewana, una muda hadi muhula wa pili uanze mwishoni mwa Aprili, na muhula huu wa kwanza utumike kwa sauti na mizani. Siku ya kununua, iwe hapa au umemwagiza mtu Mombasa, taja rekoda ndogo ya soprano, yenye urefu wa sentimita 33 hivi, ya plastiki. Kabla ya kumlipa muuzaji, tazama upande wa nyuma karibu na tundu la dole gumba, kwa kuwa mara nyingi pana herufi ndogo: B ikiwa vidole vyake ni vya mfumo wa Baroque, G ikiwa ni vya mfumo wa Kijerumani. Kwa sauti B, A na G hutaona tofauti, lakini darasa likifikia F zile mbili hazishikwi sawa, na mtoto mwenye rekoda tofauti na ya wenzake ataambiwa kila siku kwamba anakosea ilhali anafuata karatasi iliyokuja na ala yake. Muulize mwalimu kwanza darasa linatumia ipi. Baada ya kupiga, ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, isichemshwe, ikaushwe kwa kitambaa, na asiazimane na mwenzake bila kuiosha.